Dhahabu si kipimo cha Jin Jun Mei

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme neno kuhusu Jin Jun Mei, chai nyeusi ya China inayotengenezwa kwa machipukizi matupu yaliyochumwa kwa mkono katika milima ya Wuyi, mkoani Fujian. Kila inapotajwa husifiwa kwa jambo moja, kwamba inang'aa dhahabu. Mnunuzi huambiwa kadiri chai inavyozidi kuwa ya dhahabu ndivyo inavyozidi kuwa halisi, na muuzaji asiye mwaminifu anaijua imani hiyo vizuri. Sisi ambao kazi yetu ni kuonja na kupima chai tunasema wazi kwamba sifa hiyo ndiyo inayowaponza watu. Jin Jun Mei ya kweli haina rangi moja. Imwage kidogo kwenye karatasi nyeupe, utaona weusi, umanjano na dhahabu vimechanganyika, mara nyingine vyote vitatu katika chipukizi moja. Kopo lililojaa dhahabu tupu, bila weusi wowote, karibu kila mara lina chai ya kwingine.

Sababu iko kwenye mmea wenyewe. Chipukizi changa la mchai limevaa malaika, yale manyoya mafupi laini yanayolikinga kabla halijafunguka kuwa jani. Likikaushwa bila kusokotwa, malaika hubaki meupe, kama yalivyo katika chai nyeupe za mkoa huohuo wa Fujian. Likisokotwa, seli hupasuka, utomvu hutoka na kuyapaka malaika, kisha hewa huugeuza rangi: meupe huwa manjano, manjano huwa dhahabu. Kwa hiyo dhahabu unayoiona haikuelezi chai imetoka mlima gani wala imetengenezwa kwa ustadi gani. Inakueleza tu kwamba chipukizi lilikuwa na malaika mengi. Na wingi wa malaika hutegemea aina ya mchai. Mchai wa majani madogo wa Wuyi una malaika ya wastani. Ule wa majani makubwa wa Yunnan, kusini magharibi mwa China, una malaika mengi sana, ndiyo maana chai zake za machipukizi hutoka dhahabu kutoka ncha hadi shina. Ni chai nzuri, nzito na tamu, na zina jina lake zenyewe. Kosa ni kuziuza kwa jina la mlima ambako hazikuota.

Mlima wenyewe unafaa kujulikana. Kijiji cha Tongmu, chimbuko la chai hii, kiko kaskazini magharibi mwa Fujian, karibu na mpaka wa mkoa wa Jiangxi, katikati ya eneo lililotangazwa hifadhi mwaka 1979, likaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1999, na tangu mwaka 2021 limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Wuyishan. Mlima Huanggang ulio humo una zaidi ya mita 2,100, na hakuna ulio juu zaidi kusini mashariki mwa China bara. Vichaka vya chai havikupangwa kwa mistari kama mashamba makubwa. Vimesambaa kwenye miteremko na mabonde, vingi kati ya mita 800 na 1,500, vikiwa vimezungukwa na mianzi na misitu. Ukungu hukaa hadi asubuhi ikisonga, usiku ni wa baridi, na chipukizi hukua polepole. Chipukizi linalokua polepole kwenye mwanga hafifu hubakiza teanini nyingi, ambayo juani ingegeuzwa kuwa katekini. Teanini huleta utamu mtulivu wa chai, katekini huleta ukali unaokwaruza ulimi. Hapo ndipo mlima unapoingia kikombeni.

Wenyeji huviita vichaka hivyo caicha, yaani chai ya mboga, kwa jinsi ilivyokuwa kitu cha kawaida kama mboga za nyumbani. Vimezaana kwa mbegu tangu zamani, si kwa vipandikizi, hivyo kila kichaka kina tabia yake: hiki kina machipukizi membamba, kile manene, kingine yana wekundu kidogo. Ukiyachuma yote pamoja unapata chai isiyolingana rangi wala urefu. Watu wengi hudhani kutolingana huko ni dalili ya uzembe, wakapendelea ile iliyonyooka kama sindano zilizotoka kiwandani. Ulinganifu kamili katika chai hii unapaswa kuzua swali, maana ni dalili ya shamba la mimea ya aina moja, na vichaka vya kale vya Tongmu si vya aina moja.

Hapo hapo Tongmu ndipo ilipozaliwa Zhengshan Xiaozhong, ambayo Wazungu waliizoea kwa jina la Lapsang Souchong. Inahesabiwa kuwa chai nyeusi ya kwanza duniani, na historia yake inarudi nyuma hadi karne ya 17. Hiyo hukaushwa kwa moshi wa msonobari, na mwenye pua timamu hawezi kuikosea. Jin Jun Mei ni mtoto wa ukoo huohuo, lakini ni mtoto wa juzi: ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2005, kijijini Tongmu, katika kiwanda cha Jiang Yuanxun, na Liang Junde akiwa mmoja wa mafundi walioshiriki. Jambo jipya walilofanya ni kuchukua machipukizi peke yake, bila jani hata moja, na kuyakausha bila moshi. Kwa hiyo ukinusa moshi ndani ya Jin Jun Mei, ama imehifadhiwa karibu na nduguye mwenye moshi, ama imechanganywa. Sifa ya "moshi wa asili" inayoandikwa kwenye makopo mengine haina mahali katika chai hii.

Jina nalo limechangia mkanganyiko. Jin ni dhahabu, jun ni farasi bora, mei ni nyusi. Wachina wana desturi ya zamani ya kuita nyusi zile chai nyembamba zilizopinda kidogo. Jina hilo halina mwenyewe. Kampuni iliyoanzisha chai hii ilitaka kuisajili kama alama yake ya biashara, kesi ikaenda mbali, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Beijing ikaamua kwamba Jin Jun Mei limekuwa jina la kawaida la aina ya chai nyeusi. Athari kwa mnunuzi ni kubwa. Mtengenezaji wa mkoa wowote akitumia machipukizi na mbinu hiyo anaweza kuandika Jin Jun Mei kwenye kopo. Jina peke yake, basi, halithibitishi Tongmu, na mtu anayelipia bei ya Tongmu lazima adai neno la ziada, tena kwa maandishi.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapo ndipo uongo mwingi unapoanguka. Nusu kilo ya Jin Jun Mei iliyokauka huhitaji machipukizi kati ya 50,000 na 80,000. Gawanya: gramu moja ina machipukizi 100 hadi 160. Mchumaji hodari huchuma takriban 2,000 kwa siku, kwa kuwa vichaka vimetawanyika na miteremko ni mikali. Kwa machipukizi 60,000, nusu kilo ni siku 30 za mikono ya mtu mmoja, na kazi ya kiwandani haijaanza. Ndiyo sababu ile ya Tongmu huuzwa kwa maelfu ya yuan kwa nusu kilo. Anayekuuzia kwa bei ya chai ya kila siku hajakupunguzia chochote. Amekuuzia chai nyingine.

Hesabu hiyohiyo inakupa kipimo cha nyumbani ambacho hatuoni kikitajwa. Chukua mizani ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, pima gramu 1, mwaga kwenye karatasi, hesabu kwa kutumia ncha ya kijiti. Ukipata mia na kitu, uko njiani. Ukipata 40 au 50, hayo ni machipukizi makubwa ya mchai mwingine, hata yang'ae vipi. Vipande vilivyovunjika usivihesabu kama machipukizi mazima. Vikiwa vingi kuliko mazima, hilo nalo ni jibu.

Msimu wa kuchuma ni mfupi mno. Kwenye miinuko ya chini huanza siku za Qingming katika kalenda ya Kichina, tarehe 4 au 5 Aprili. Juu zaidi husubiri hadi kuelekea Guyu, tarehe 20 hivi ya mwezi huohuo, na pengine kuvuka hapo baridi ikichelewa kuondoka. Chipukizi linalotakiwa limejaa, limefumba, halijaanza kufungua jani la kwanza. Huchumwa kwa nyama ya kidole gumba na cha shahada, likavutwa juu kwa mdokoo mwepesi. Kutumia kucha ni kosa: kucha hulikata na kuliponda shina, jeraha huanza kuwa jekundu kabla ya wakati, na chai ikikauka unaona vikonyo vyeusi vilivyoungua. Kubana rundo mkononi hadi lijae ni kosa jingine, kwa sababu joto la kiganja hupika chipukizi. Kikapu kiwe cha mianzi chenye kupitisha hewa, kisishindiliwe, kikae kivulini. Machipukizi yaliyorundikana hupata joto yenyewe. Yakifika kiwandani yana harufu ya majani yaliyovunda, hakuna fundi wa kuyaokoa. Yaliyochumwa na umande au mvua yana maji ya ziada yanayochelewesha unyaushaji na kuleta uchachu.

Kunyausha ndiyo hatua tunayoipa uzito kuliko zote, ingawa haivutii macho. Chipukizi bichi lina maji kama asilimia 75 hivi au zaidi, na linatakiwa kushushwa hadi karibu 60. Hutandazwa kwa tabaka jembamba juu ya nyungo za mianzi au kwenye mahodhi yanayopulizwa hewa vuguvugu, isizidi nyuzi 35. Aprili ya Wuyi ina mvua nyingi, jua si la kutegemea, hivyo kazi huenda saa nyingi, mara nyingi usiku kucha. Fundi hapimi kwa saa. Hulibana chipukizi: likibaki limekunjika bila kurudi, bila kukatika, na harufu ya majani mabichi ikiwa imegeuka kuwa ya ua au tunda, basi limefika. Likinyauka kidogo mno, wakati wa kusokota utomvu humwagika chini badala ya kubaki juu ya chipukizi, na chai hutoka nyepesi yenye uchungu wa kibichi. Likinyauka kupita kiasi, ncha hukauka na kuvunjika, na zile seli zilizokauka hazigeuki tena rangi.

Kusokota hufanywa kwa mkono kwa mafungu madogo, au kwa mashine ndogo isiyobana sana. Huanza bila kukandamiza, hufuata mkandamizo mwepesi, kisha huachiliwa ili mafungu yaliyoshikamana yafumuke. Chipukizi halina upana wa jani wa kulikinga. Ukiliminya kama jani linapasuka katikati, malaika yanang'oka na kubaki kwenye mashine. Mara nyingi chai iliyopauka na kujaa vumbi la dhahabu chini ya kopo ni chai iliyominywa hivyo.

Hatua inayofuata huitwa kuchachusha, nasi tunalitumia neno hilo kwa mazoea, japo hakuna hamira wala bakteria wanaohitajika. Ni vimeng'enya vya jani lenyewe vikikutana na oksijeni ya hewani na kugeuza katekini kuwa teaflavini, zinazotoa rangi ya kung'aa na uchangamfu, kisha kuwa tearubijini, zinazotoa wekundu na uzito. Machipukizi huwekwa kwenye vikapu, kina cha sentimita 10 hivi, yakafunikwa kitambaa chenye unyevu, chumba kikiwa na nyuzi 25 hadi 30. Huchukua saa 5 hadi 8 kutegemea baridi ya siku hiyo. Fundi hufunua na kunusa mara kwa mara. Kwanza kuna ubichi, kisha harufu ya ua, kisha tunda lililoiva, na hapo rangi imekuwa ya shaba. Akingoja zaidi, harufu hushuka na kuwa ya mkate uliolala, na kikombe hukosa mng'ao. Kikapu kikijazwa sana, katikati hupata joto kuliko pembeni, na chai moja inatoka na ladha mbili: sehemu imechacha, sehemu ni mbichi. Mnywaji huisikia kama uchachu mdogo nyuma ya utamu, na huwa anayalaumu maji.

Kukausha hufanyika mara mbili. Mara ya kwanza joto ni kali na la haraka ili kuua vimeng'enya. Kisha chai hupumzishwa, maji yaliyobaki ndani ya chipukizi yasambae hadi nje. Mara ya pili joto huwa la chini na la taratibu, hadi unyevu ubaki asilimia 6 hivi. Hapa kuna hila inayotuudhi. Chai dhaifu ikikaushwa kwa moto mkali hupata harufu ya sukari iliyoungua, na mnunuzi asiyezoea huiita asali. Harufu ya moto hukaa kwenye mfuniko wa kopo na kwenye kikombe cha kwanza tu. Kufikia cha tatu imekwisha. Asali ya kweli ya Jin Jun Mei, pamoja na harufu ya matunda yaliyokaushwa na ya kiazi kitamu kilichochomwa, huendelea hadi kikombe cha saba, na hubaki ndani ya kikombe kitupu kilichopoa. Nusa kikombe kitupu. Hicho ni kipimo kisicho na gharama.

Udanganyifu mwingine ni sukari, inayonyunyizwa wakati wa kutengeneza ili chai iwe tamu na nyeusi ya kuvutia. Ibane kati ya vidole vyenye unyevu kidogo: ikinata, iweke pembeni. Chai ya sukari pia hushikamana kwa mabonge mahali penye unyevu, na utamu wake hujaa midomoni mara moja kikombe cha kwanza halafu unatoweka ghafla, tofauti na utamu wa chai wenyewe ambao huja baada ya kumeza, kooni. Rangi ya bandia hutambulika kwa maji baridi. Tia chembe chache kwenye glasi ya maji baridi bila kukoroga. Chai safi hutoa rangi polepole, rangi ya bandia hutiririka papo hapo.

Ukitaka kuikagua chai kama wanavyofanya wapimaji wa China, tumia gramu 3 kwa mililita 150 za maji yanayochemka, funika, ngoja dakika 5, chuja yote. Ni njia ya ukatili, na makusudi yake ni kulazimisha kasoro zijitokeze. Chai ya Tongmu iliyotengenezwa vizuri itakuwa na nguvu lakini haitakwaruza, maji yake yatakuwa ya manjano ya dhahabu yanayopenya mwanga, yenye pete angavu ukingoni mwa kikombe. Kisha geuza makapi kwenye kisahani cheupe. Yawe machipukizi mamoja mamoja, mazima, ya rangi ya shaba, laini ukiyabonyeza. Majani yaliyofunguka yanaonyesha kuwa hiyo ni ya daraja jingine: chipukizi na jani moja huitwa Yin Jun Mei, na chipukizi na majani mawili ni chini ya hapo. Madaraja hayo si ya kudharau. Kwa maoni yetu, mwenye fedha kidogo hufaidi zaidi akinunua chai halali ya Tongmu isiyo ya moshi yenye majani mawili, kuliko dhahabu ya kubuni.

Kwa kunywa, mambo hubadilika. Tumia gaiwani, lile bakuli la kaure lenye kisahani na kifuniko, la mililita 100 hivi, na gramu 3 za chai. Lipashe joto kwanza kwa maji ya moto, umwage, utie chai, funika kwa muda ili harufu iamke. Maji yawe nyuzi 90 hivi. Usiyamwage juu ya machipukizi kutoka juu. Yapitishe ukingoni, polepole, yazunguke. Maji yakiyapiga machipukizi kwa nguvu malaika hung'oka na chai hupata ukungu. Sekunde 10 zinatosha kwa kikombe cha kwanza, cha pili hata 8, kwa kuwa machipukizi yameshalowa, halafu ongeza sekunde 5 kila mara. Gramu hizo 3 zitakupa vikombe 8 hadi 10. Mimina yote kila mara. Maji kidogo yanayobaki chini huendelea kuivisha machipukizi na kukuletea uchungu kwenye kikombe kinachofuata. Wako wanaoosha chai na kumwaga maji ya kwanza. Kwa chai ya machipukizi hatuoni faida yake, maana kikombe hicho ndicho chenye asali nyingi.

Asiye na gaiwani atumie kikombe kikubwa: gramu 2 kwa mililita 200, nyuzi 90, dakika 2 na nusu, kisha achuje. Kuacha machipukizi yaogelee kikombeni saa nzima ndiko kunakowafanya watu waseme chai ghali ni chungu. Kuichemsha juu ya moto ni vibaya zaidi: harufu zake ni nyepesi, hupanda na mvuke na kuondoka, huku kafeini na polifenoli (katekini na jamaa zake) zikizidi kutoka. Machipukizi yana kafeini ya kutosha, kwa hiyo rangi yake ya manjano isimdanganye mtu kuinywa usiku akidhani ni dhaifu. Maziwa na sukari huziba kila kitu kilicholipiwa. Kama unazipenda, chagua chai yenye majani mazito.

Maji mazuri ni malaini. Yenye chokaa nyingi hufanya utando juu ya chai na kuipausha, na hakuna ustadi wa mkono unaoweza kurekebisha hilo, badilisha maji. Yasichemshwe mara tatu nne. Anayeishi mwinuko wa mita 1,500 akumbuke kwamba maji yake huchemka kwenye nyuzi 95 tu, hivyo asingoje sana yapoe. Mambo mawili hutisha watu bure. La kwanza ni vijinyoya vinavyoelea juu ya kikombe ukikitazama kwenye mwanga: ni malaika, si vumbi. La pili ni chai kuwa na ukungu ikipoa, kwa kuwa kafeini na teaflavini hushikana. Ipashe, itarudi kuwa angavu.

Kuhifadhi ni suala fupi: mfuko usiopitisha hewa ndani ya kopo, mbali na mwanga, unyevu, viungo na sabuni. Chai mpya kutoka motoni iachwe wiki tatu nne harufu ya moto itulie. Ndani ya miezi 18 hadi 24 iko katika ubora wake. Baada ya hapo haidhuru, ila asali hupungua.

Kwa wauzaji tuna ombi moja, nawe Mhariri utusaidie kulifikisha. Andikeni kwenye kopo kijiji au wilaya machipukizi yalikochumwa, aina ya mchai, na mwezi na mwaka wa kuchuma. Kama ni ya Yunnan, andikeni Yunnan. Na gazeti likichapisha picha ya Jin Jun Mei, tunaomba iwe ile yenye weusi ndani yake.

Wako,
Waonjaji wa chai